Makosa ya Babu Ndani ya Amplifaya

Amplifaya ilikuwa uvunguni mwa kitanda cha bibi, hapa Kang'ata, ndani ya gunia la mkonge. Nilipoivuta, mjusi alitoka mbio akapita juu ya mkono wangu. Bibi akacheka. Akasema yule ni mpangaji wa siku nyingi kuliko mimi, na kwamba nile kwanza, ugali upo tayari. Lakini nilikuwa nimeshakata kamba.

Ina uzito wa ndoo iliyojaa maji. Karibu uzito wote huo ni transfoma mbili za chuma zilizokaa nyuma, moja ya kupokea umeme, nyingine ya kupeleka sauti kwenye spika. Mbele kuna vitufe vitatu, na kimoja kati yake ni kifuniko cha dawa ya meno. Kibao cha jina la kiwanda kilishang'oka, yamebaki matundu mawili ya skrubu. Juu zimesimama valvu nne, na tundu la tano liko tupu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, valvu ni kichupa cha kioo kisicho na hewa ndani. Katikati kuna kathodi inayopashwa moto mpaka inatoa elektroni. Pembeni kuna anodi, yenye volti 200 au 300, inayozivuta elektroni hizo. Kati yao kuna waya mwembamba uliozungushwa kama wavu, unaitwa gridi. Sauti ndogo ya maikrofoni ikifika kwenye gridi, inaufungua na kuubana ule mkondo mkubwa, kama mkono mdogo kwenye koki ya bomba kubwa. Hakuna zaidi ya hapo. Karibu amplifaya zote za dunia ziliishi kwa kanuni hiyo mpaka transista ilipozaliwa Marekani Desemba 1947, na kwa miaka mingi baada ya hapo.

Nilisoma elektroniki miaka mitatu chuoni. Valvu zilipewa nusu saa. Mwalimu alichora moja ubaoni, akasema hiki ni kitu cha babu zenu, akafuta. Kwa upande wangu alikuwa amesema kweli tupu.

Sikuja Kang'ata kwa ajili ya historia. Nilikuja kwa ajili ya bati. Paa la bibi lilikuwa linavuja, masika yalikuwa yanakaribia, na nilikuwa nimempata mtu huko Ujerumani anayenunua amplifaya za zamani. Nilimtumia picha za nje. Akanipa bei mbili. Bei ya kwanza, ikiwa ndani iko kama ilivyotoka kiwandani, ingetosha kuezeka nyumba nzima na chenji ikabaki. Bei ya pili, ikiwa imechokonolewa na mafundi, ilikuwa chini ya nusu yake. Akaomba picha za ndani.

Usiku ule niliigeuza chali juu ya mkeka, nikafungua skrubu za chini, nikaanza kuilinganisha na michoro niliyokuwa nayo kwenye simu. Sikuhitaji muda mrefu kuona kwamba babu alikuwa amechokonoa.

Kichaguzi cha volti, kile kinachoiambia transfoma ni umeme gani unaoingia, kilikuwa kwenye 250. Umeme wetu ni 230. Kosa. Kwenye gridi za valvu mbili za mwisho, ambapo amplifaya za aina hii kwa kawaida zina rezista za kilo-omu 470, yaani njano, zambarau, njano, palikuwa na nyekundu, nyekundu, njano. 220. Kosa jingine. Kwenye amplifaya nyingi za aina hii, valvu hizo mbili za mwisho hutumia rezista moja ya pamoja kwenye kathodi. Yeye alizitenganisha, kila moja na yake, tena za omu nyingi kuliko inavyotakiwa. Valvu ya kunyoosha umeme, EZ81, hakuna kabisa. Chini ya tundu lake tupu alikuwa amelehemu diodi mbili za silikoni, na baada yake kijiti cha kauri kilichozungushiwa waya wa nikromu, waya ule wa kwenye hita za pasi. Na ubavuni, swichi ya ukutani ya kuwashia taa chumbani, imefungwa kwa skrubu mbili zisizofanana.

Nikamwambia bibi: babu aliiharibu hii. Hakunijibu. Aliniuliza kama nimeshiba.

Kabla sijasimulia nilichofanya siku iliyofuata, inabidi nirudi nyuma kidogo, maana mambo haya ya kukuza sauti upande huu wa Handeni na Korogwe yana umri mkubwa kuliko nilivyodhani.

Nikifuata nyuzi nyuma kadiri ninavyoweza, nafika Vugiri, mlimani juu ya Korogwe. Hapo, kati ya 1935 na 1937, palikuwa makao ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliosimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni kwa fedha za Carnegie ya Marekani. Waliouendesha ni L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge, na G. C. Latham, aliyetoka kwenye idara ya elimu ya Rhodesia ya Kaskazini. Walitengeneza filamu 35 hivi, wakiwatumia wenyeji kama waigizaji, kisha wakazizungusha kwa lori katika Afrika Mashariki na Kati. Filamu zilihusu safura, kodi, akiba ya benki ya posta, mmomonyoko wa udongo. Picha ilikuwa kwenye filamu, lakini sauti ilikuwa kwenye santuri pembeni, ili filamu ileile iweze kuzungumza Kiswahili hapa na lugha nyingine kule kwa kubadilisha sahani tu. Na ili santuri isikike kwa umati uliokaa chini uwanjani usiku, ilibidi pawe na valvu. Mwaka ule hapakuwa na njia nyingine.

Nalifikiria sana lori lile. Sauti kubwa isiyo na mtu ilifika kwa wakulima wengi kwa mara ya kwanza ikiwahubiria kodi.

Vita vikaisha. Mwaka 1951 Dar es Salaam ikaanza kurusha matangazo ya redio, na miaka michache baadaye likaja Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Redio za vijijini zilikuwa za valvu na betri kavu, betri kubwa za volti 90 ambazo zikiisha, umeshika sanduku la mbao lisilo na faida. Mwaka 1964 mtambo wa Hale, mto Pangani, wilayani Korogwe, ukaanza kuzalisha megawati 21. Hapo ndipo ramani ilipogawanyika kwa namna ambayo bibi bado anaizungumzia. Korogwe mjini taa zinawaka, mashine za mkonge zinanguruma. Huku Kang'ata, koroboi. Umeme wa mto wetu ulipita juu ya vichwa ukaenda zake Tanga na Dar es Salaam.

Na Tanga ilikuwa inacheza. Atomic Jazz, Jamhuri Jazz. Hii ya pili ilianza ikiitwa Young Nyamwezi, jina linalowakumbusha manamba waliokuja kutoka magharibi kukata mkonge. Upande wa taarabu walikuwepo Black Star na Lucky Star, walioleta magitaa ya umeme na besi mahali palipozoea udi na fidla. Gitaa la umeme bila amplifaya ni kipande cha mbao. Kwa hiyo kila bendi ilikuwa na sanduku lake la valvu, na kila sanduku lilikuwa na fundi wake, na mafundi hawa hakuna anayewataja kwenye vipindi vya zilipendwa.

Babu alikuwa mmoja wao, wa daraja la chini kabisa. Alianza kama mfagiaji katika duka la redio la Mhindi mmoja pale Korogwe, mwanzoni mwa miaka ya 60. Mwenye duka aligundua kwamba kijana huyu mfagiaji anakumbuka rangi za rezista kuliko mwanawe aliyekuwa akifundishwa kazi. Akamvuta mezani.

Ninaamini ni pale alipokutana na saketi hii iliyoko mbele yangu. Baba yake ni mchoro ambao kampuni ya Mullard ya Uingereza, mali ya Philips, iliutoa katikati ya miaka ya 50: valvu 5, wati 10. Mullard walikuwa wanauza valvu, kwa hiyo walimpa kila mtu mchoro bure ili azinunue. Viwanda vidogo vingi viliunakili, na watu wa nyumbani wakaujenga kwenye meza za jikoni. Valvu ya EF86 inaipokea sauti ikiwa changa. ECC83 inaigawa sauti hiyo kuwa mbili zinazopingana, moja ikipanda wakati nyingine inashuka. Kisha EL84 mbili zinafanya kazi ngumu. Ukitaka kuelewa kazi ya EL84 mbili, wakumbuke wapasua mbao wa Usambara na msumeno wao mrefu, mmoja amesimama juu ya gogo, mwenzake yuko shimoni. Huyu akivuta, yule anaachia. Nguvu zao hazijumlishwi tu. Kila mmoja anasahihisha mkono wa mwenzake. Na EZ81 inanyoosha umeme unaokwenda kombo, ili wote wale.

Ni mchoro mzuri sana, nausema hivyo kama mtu aliyejifunza kuupenda akiwa amechelewa. Lakini umejengwa juu ya mambo matatu ambayo mchoraji hakuyaandika popote kwa sababu hakujua kwamba ni mambo: umeme ukutani hautikisiki, chumba hakina joto kali, na valvu ikifa, dukani kuna nyingine.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha likapita, na biashara ya kuagiza bidhaa nje ikachukuliwa na serikali. Mwaka 1971 majengo yakataifishwa, na wafanyabiashara wengi wa Kiasia wakaondoka. Mwenye duka wa Korogwe alikuwa mmoja wao. Alikuwa anamdai mteja fulani pesa na alikuwa anadaiwa na babu mshahara wa miezi mitatu. Akamaliza mambo yote mawili kwa kumpa babu amplifaya ambayo mteja hakuja kuichukua. Babu akapanda nayo lori, akarudi Handeni, na hatimaye hapa Kang'ata, mahali ambapo hapakuwa na umeme hata wa kuwashia balbu moja.

Bibi anasema watu walimcheka. Alinunua, kwa kuchangiwa na shemeji yake, jenereta ndogo ya petroli. Kuanzia hapo harusi, maulidi na mikutano ya chama vikawa na sauti. Honi mbili juu ya mwembe, maikrofoni moja. Alitembea na mzigo huo mpaka vijiji ambavyo mimi sijawahi kufika, wakati mwingine amplifaya kwenye kichwa cha msaidizi na jenereta kwenye baiskeli.

Halafu vitu vikaisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa. Vita vya Kagera vikaja 1978. Pesa za kigeni zilipokuwa hazitoshi dawa na mafuta, nani angeagiza valvu? Maduka ya RTC yalikuwa na rafu, na rafu zilikuwa na majembe yakipatikana. Spea za redio zilitoka Mombasa kwa njia za panya, kupitia Tanga, mfukoni mwa mtu.

Machi 1983 ikaanza kampeni ya wahujumu uchumi. Kila aliyekuwa na zaidi ya alichokitumia alitetemeka. Watu walitupa sabuni, vitambaa, mafuta ya kula, wengine usiku mitoni. Babu alikuwa na valvu na kapasita zilizojaa debe moja, alizozikusanya kwa miaka, nyingine mbovu. Bibi alinionyesha mahali alipozizika, nyuma ya choo cha zamani, penye mpapai sasa. "Angewaelezaje," aliniuliza, "kwamba vile vioo ni vyake na si mali ya magendo? Hata mimi nilikuwa sijui kama si magendo."

Alipozifukua mwaka mmoja na nusu baadaye, masika mawili yalikuwa yamepita juu yake. Miguu ya valvu nyingi ilikuwa imeliwa na kutu. Kapasita zilikuwa zimevimba kama dagaa waliolowana. Na hapo ndipo, kwa kuwa 1984 serikali ilianza kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa pesa zao wenyewe, madukani zikaanza kuonekana redio mpya na kaseti. Zote za transista. Aliyoyangoja yalirudi, ila hayakurudi na valvu.

Nilichofanya siku ya pili nakisimulia kwa aibu.

Niliamua kuirudisha amplifaya kwenye mchoro. Nilikuwa na rezista za 470 kwenye mkoba, nilizozinunua Kariakoo. Nikaondoa zile za 220 za babu. Nikarudisha kichaguzi cha volti kwenye 230. Nilitaka pia kubadilisha kapasita mbili za kupitisha sauti, zile zinazounganisha ECC83 na gridi za EL84, maana zilikuwa nyeusi, kongwe, zenye nyufa ncha zote mbili. Lakini yule mnunuzi alikuwa ameandika wazi kwamba kapasita za asili zisiguswe, ndizo zenye "sauti" anayoitafuta. Nikaziacha. Diodi na ule waya wa nikromu nikavibakiza kwa muda, kwa sababu EZ81 ningeagiza baadaye.

Umeme wa gridi umeshafika Kang'ata, miaka mingi baada ya Hale. Nilichomeka. Nikawasha swichi zote mbili kwa pamoja.

Kwa dakika mbili kulikuwa na mvumo tu wa chini, mzuri. Nikaenda kumwita bibi asikie. Tuliporudi, chumba kilikuwa kinanuka nta iliyoungua, na ndani ya EL84 moja bamba la anodi lilikuwa limeiva jekundu, wekundu wa kaa la mkaa. Nikachomoa waya kwa nguvu hata tundu la ukutani likatoka nalo. Valvu ikaendelea kung'aa kidogo, kisha ikapoa. Haikufanya kazi tena. Ilikuwa na herufi B iliyochorwa kwa asidi chini ya kioo, alama ya kiwanda cha Mullard cha Blackburn. Kati ya nne zile, ndiyo pekee ambayo mnunuzi aliitaja kwa jina alipoziona picha.

Bibi alisimama mlangoni. Akasema, taratibu: "Babu yako alikuwa anahesabu kwanza."

Mchana wote nilikaa sakafuni na mita na kipande cha chaki.

Nilichomoa EL84 zote mbili ili zisinidanganye, nikawasha tena kwa sekunde chache, nikapima volti kwenye gridi iliyoua valvu. Pale panapaswa kuwa sifuri. Palikuwa na volti 6. Kapasita ile kongwe ilikuwa inavuja. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti 200 za ECC83 zisishuke chini. Kwa uzee na joto ilikuwa imeanza kuachia matone. Maikroampea 13 hivi. Ni kidogo mno, lakini maikroampea 13 zikipita kwenye kilo-omu 470 zinatengeneza volti 6, na volti 6 kwenye gridi ya EL84 ni koki iliyofunguliwa na kuachwa. Mkondo unamwagika, anodi inaiva, na valvu isipokufa mapema inakufa na transfoma ya sauti, ambayo huwezi kuipata popote.

Nikaandika chini kwa chaki: maikroampea 13, mara kilo-omu 220. Haifiki volti 3.

Alikuwa hana kapasita mpya. Hakuwa na namna ya kuzuia matone, kwa hiyo alifupisha ndoo. Aliweka rezista ndogo zaidi ili mvujo uleule uzae madhara chini ya nusu. Nikapiga hesabu kuona alipoteza nini kwenye sauti: kidogo sana chini kabisa, kwenye besi ambayo honi juu ya mwembe haiwezi kuitoa hata ungeilipa.

Baada ya hapo nikarudi kwenye kila "kosa" nikiwa na adabu zaidi.

Kichaguzi kwenye 250. Kathodi za valvu hizi zinapashwa moto kwa volti 6.3, na zinavumilia asilimia 10 juu au chini, yaani kutoka 5.7 mpaka 6.9. Jenereta ndogo ya petroli haina nidhamu. Watu wakizima taa za harusini, inaruka kutoka 230 mpaka 270. Ukiiweka transfoma kwenye 230, ikiruka kathodi zinapata 7.4, na umri wa valvu unakatika. Ukiiweka kwenye 250, ikiwa 230 zinapata 5.8, ikiruka 270 zinapata 6.8. Zote ziko ndani. Hakuna namba nyingine kwenye kichaguzi kile inayofanya hivyo. Niliangalia zote.

Rezista mbili za kathodi badala ya moja: EL84 moja ilikuwa ya Blackburn, nyingine ni 6P14, pacha wake wa Kichina. Si pacha hasa, ni binamu. Ukiwafunga kwenye rezista moja, mwenye nguvu anakula chakula cha mwenzake. Kila mmoja akiwa na sahani yake, wanaelewana. Na omu zilizozidi ni kuwapunguzia wote kazi. Wati 10 za Mullard hapa labda zilikuwa 7, na valvu ziliishi.

Diodi za silikoni mahali pa EZ81: hazichoki kama valvu, lakini hazipunguzi umeme kama yeye, kwa hiyo volti zinapanda kuliko transfoma na kapasita zilivyozoea. Ndiyo kazi ya kile kijiti chenye waya wa nikromu, kula zile volti za ziada na kuzigeuza joto. Bibi aliutambua waya. Ulikuwa wa chuma chake cha kulehemia cha kwanza, alichotoka nacho Korogwe, kilipokufa.

Na swichi ya taa. EZ81 huchelewa kuamka, na kwa hiyo volti kubwa hazifiki mpaka valvu nyingine zimepata moto. Diodi hazingoji. Akaweka swichi ya pili: ya kwanza ya moto, kisha unangoja, ndipo unawasha ya volti. Ndiyo kule kuhesabu. Watoto wa Kang'ata walikuwa wakihesabu naye kwa sauti mpaka sitini, bibi anasema, na wengine walijulia hesabu pale.

Mchoro wa Mullard ulikuwa kwenye simu yangu, umechapwa safi. Wa babu haukuandikwa popote isipokuwa kwa risasi ya kulehemia, na mimi nilikuwa nimekwishafuta theluthi yake kwa mchana mmoja, nikiwa na cheti. Hata sasa sijui niite nini kilichonikasirisha zaidi, kwamba niliua valvu au kwamba nilikuwa nimemwambia bibi kwamba babu aliiharibu.

Rezista zake za 220 zilikuwa bado kwenye sosa. Nilizirudisha zilezile, na kichaguzi nikakirudisha 250. Nikampigia picha mnunuzi, za ndani, bila kuficha kitu, na maelezo mafupi ya kila badiliko na sababu yake. Alijibu kwa heshima. Akapunguza bei tena, akisema valvu ya Blackburn haipo na kwamba sehemu nyingi "zimeharibiwa na fundi wa kienyeji". Nilimwonyesha bibi ujumbe huo, nikamtafsiria. Alifikiri kidogo, akauliza kama bei hiyo inatosha bati ngapi. Nikamwambia kumi na mbili. Akasema kumi na mbili ni upande wa jikoni tu, na jikoni hata kukivuja mtu hafi.

Kwa hiyo bati tulinunua kwa pesa za mjomba na zangu kidogo, upande wa chumba cha kulala. Jikoni bado panavuja.

Kabla sijarudi Dar, bibi alinipa kopo la Blue Band. Alikuwa analitumia kuwekea misumari. Chini ya misumari palikuwa na valvu sita zilizosalia kwenye lile debe, zimeviringishwa kwenye gazeti. Nne zilikuwa zimekufa. Unaijua valvu iliyoingiwa na hewa kwa sababu ile rangi ya fedha kwenye kichwa cha kioo inageuka nyeupe kama ukoga wa maziwa. Mbili bado zilikuwa na fedha yake. Moja ilikuwa ECC83. Nyingine ilikuwa 6P14, miguu ina kutu, nikaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa.

Niliipachika. Tukaleta honi moja kutoka stoo ya jirani. Nikawasha swichi ya kwanza, na bibi, aliyekaa kwenye kigoda na mikono mapajani, akaanza kuhesabu.